Mlango Uliozibwa si Mlango Uliofungwa: Zoezi la Kufundishia Habari za Neva

Mwalimu afundishapo habari za neva katika darasa la saba mara nyingi huridhika kusema kwamba neva hupeleka ujumbe kama waya wa simu. Mfano huo ni mwepesi, lakini humwacha mwanafunzi bila jibu aulizapo swali la haki kabisa: ujumbe ukisha kupita, ni kitu gani kinachoirudisha neva katika utulivu wake?

Jibu limo katika utando wa seli. Neva ikipumzika, ndani yake huwa hasi kwa milivolti 70 hivi kuliko nje. Ujumbe ufikapo, ioni za sodiamu huingia na uhasi hutoweka. Ndipo milango ya potasiamu hufunguka, ioni zake hutoka, na uhasi hurejea. Hodgkin na Huxley walilipima jambo hili katika neva nene ya ngisi, wakachapisha matokeo mwaka 1952.

Je, uhasi ukikawia kurejea? Baadhi ya milango hiyo ina kidonge cha protini kilichofungwa upande wa ndani kana kwamba kwa kamba. Mlango ukikaa wazi, kidonge huingia na kuuziba. Mwaka 1990 Hoshi, Zagotta na Aldrich walionyesha, kwa milango ya inzi wa matunda, kwamba sehemu hiyo ikikatwa, kuziba kwa haraka hakutokei. Iko pia namna nyingine, ya polepole, ambayo njia yenyewe hujibana upande wa nje. Hiyo haifai kuigizwa.

Kwa zoezi, darasa liwe ndani ya seli na uwanja uwe nje. Watoto wawili wawe mbao za mlango, wengine wawe potasiamu, na mmoja afungwe kamba kiunoni, mwisho wake ukishikwa kando ya mlango. Mwalimu apigapo kengele, mbao hufunguka na potasiamu hutoka. Kengele ikiendelea kulia, mwenye kamba husimama mlangoni: hakuna apitaye. Kisha kengele inyamaze, na mbao ziamriwe kufunga. Haziwezi! Lazima kwanza mzibaji arudi ndani, na katika nafasi hiyo fupi potasiamu mmoja au wawili huponyoka. Ndivyo ilivyo hata katika seli, na watoto hufurahi kuligundua wenyewe. Mwalimu asiwadokezee mapema.

Wala jambo hili si la maabara tu. Mwaka 1994 ilibainika kwamba kasoro za urithi katika mlango mmoja wa jamii hii huleta vipindi vya kuyumba na misuli kutetemeka. Ugonjwa huo ni wa nadra, lakini mtoto aliye nao aweza kudhaniwa mzembe.

Mwisho waulizwe: kwa nini mlango uliokaa wazi kwa muda mrefu huchelewa kufungwa? Anayejibu kwamba «umechoka» arudishwe mlangoni, ashike nafasi ya ubao, ajaribu kufunga tena.