Kwa Nini Mtumbwi wa Mbugani Huwa Mwembamba?

Maji ya mvua yaletwayo na Mto Manonga hutanda katika mbuga ya Wembere, kisha huingia Ziwa Kitangiri, mkoani Singida. Kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, ambako safari yake hukoma, maana bonde hili halina njia ya kutokea baharini. Wakati wa mvua mbuga hufurika. Wakati wa kiangazi udongo wake mweusi hukauka na kupasuka. Chombo kinachosafiri mahali kama hapa hukabiliwa na vizuizi viwili: kina ni kidogo, na njia baina ya matete ni nyembamba.

Tuanze na kina. Kwa kanuni ya Archimedes, kitu kinachoelea huondosha maji yenye uzito sawa na wake. Tuchukue mtumbwi wa mbao wenye umbo la sanduku, urefu mita 5 na upana mita 0.8. Eneo la kitako chake ni mita 4 za mraba. Mtumbwi una kilo 120, na wavuvi wawili wana kilo 60 kila mmoja. Jumla kilo 240. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Kwa hiyo mtumbwi huzama 0.24 ÷ 4 = mita 0.06, yaani sentimita 6. Kila kilo 40 za samaki huuzamisha sentimita 1 zaidi.

Sasa tuchukue chombo cha mita 2.5 kwa mita 1.6. Kitako ni kile kile, nacho huzama sawasawa. Lakini hutaka njia pana maradufu. Hivyo, palipo na matete, eneo la kitako hutafutwa katika urefu, si katika upana.

Badala ya kasia, ambalo hunaswa na majani, hutumika upondo. Mvuvi husukuma tope nyuma; tope nalo, kwa kanuni ya tatu ya Newton, humsukuma mbele pamoja na chombo. Upondo huo huo humpimia kina.

Lakini wembamba una hasara yake: mtumbwi hupinduka upesi, hasa abiria anaposimama. Tena, kama kingo zina kimo cha sentimita 30, jumla ya kilo 800 huacha sentimita 10 tu juu ya maji. Wimbi dogo likiingia, kila lita 40 huuzamisha sentimita 1 nyingine, na wimbi lifuatalo huingia kwa wepesi zaidi. Ndivyo shehena ya kupita kiasi inavyoangamiza watu hata penye maji ya kifuani.

Zoezi: Mtumbwi huo utavuka mahali penye kina cha sentimita 15, na sharti zibaki sentimita 3 chini ya kitako. Wavuvi hao wawili waweza kuchukua kilo ngapi za samaki? (Jibu: kilo 240.)