Somo la Wiki: Nchi Ikichorwa Kama Mtu

 

Jumamosi iliyopita darasa la wakubwa tulijifunza neno TASHIHISI. Kwa waliokosa: tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu. Upepo unapiga mluzi. Njaa inabisha hodi. Kisha nikasema kwamba wachoraji nao hutumia tashihisi, nikatoa picha mbili tatu, na maswali yakawa mengi kuliko muda tuliobakiwa nao. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na Ufaransa. Mwaka 1830 watu wa Paris walimwondoa mfalme wao, Charles wa Kumi. Mchoraji Eugène Delacroix akachora mwanamke anayepita juu ya vifusi na maiti, mkono mmoja ameinua bendera, mwingine ameshika bunduki, na watu wanamfuata. Mwanamke huyo si mama fulani wa mtaani. Ni Uhuru wenyewe. (Wazazi, mkitafuta picha hiyo itazameni kwanza ninyi. Mchoraji hakumaliza kumvalisha nguo.) Wafaransa wanaye pia Marianne, sura ya Jamhuri yao, ambaye mpaka leo utamwona kwenye stempu na katika majengo ya manispaa.

Wajerumani walikuwa na Germania. Mwaka 1848, kabla hawajawa nchi moja, Philipp Veit alimchora kwa ajili ya bunge lao lililokutana Frankfurt. Alimpa upanga na bendera, na miguuni akamwekea pingu zilizovunjika. Huyo alikuwa mwanamke wa matumaini. Mwaka 1883 Germania mwingine, mkubwa mno, wa shaba nyeusi, akasimamishwa juu ya mto Rhine kukumbuka ushindi dhidi ya Ufaransa. Huyu ameinua taji la kifalme. Miaka miwili tu baadaye, 1885, Ujerumani ikatangaza kwamba sehemu ya nchi yetu iko chini yake. Babu zetu wa Maji Maji, kuanzia 1905, waliujua upanga wa Germania. Zile pingu zilizovunjika hakuna aliyewaonyesha.

Mbona kila mara mwanamke? Sababu moja ni sarufi. Katika Kilatini majina kama Germania, Britannia na Helvetia ni ya kike, na katika Kifaransa “jamhuri” na “uhuru” ni maneno ya kike. Mchoraji akifuata lugha yake, mwanamke anatokea wenyewe. Kiswahili hakina mambo hayo. “Nchi” iko ngeli ya I-ZI, pamoja na nyumba na meza. Tunasema “Tanzania imeshinda”. Basi naomba sana, tuache kusema “Australia ameshinda”. Nimelisikia mara nne muhula huu, na mara moja lilitoka kwa mzazi.

Sababu ya pili ni mawazo yangu. Ukichora mwanamume na taji, watu watauliza ni mfalme gani, au ni waziri gani huyo. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na vyeo serikalini, kwa hiyo mwanamke kwenye picha hakuweza kudhaniwa kuwa mkubwa fulani.

Hapo ndipo msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, huyo Marianne alipiga kura?”

Sikuwa nimejiandaa. Nilimjibu Jumamosi ileile baada ya kuhakikisha, na jibu ni hapana. Wanawake wa Ufaransa walipata haki ya kura mwaka 1944. Uswisi ilimweka Helvetia kwenye sarafu zake tangu 1850, lakini wanawake wakaruhusiwa kupiga kura ya taifa mwaka 1971. Hesabuni wenyewe: miaka 121 mwanamke yuko kwenye pesa na hana sauti. Hapa Australia ni 1902, ila wenyeji wa asili wengi, wake kwa waume, walingoja mpaka 1962.

Sasa itazameni nembo ya Tanzania. Ngao imesimama juu ya Kilimanjaro, na wanaoishikilia ni wawili, mwanamume na mwanamke. Kwenye miguu ya mwanamume kuna mkarafuu, kwenye miguu ya mwanamke kuna mpamba. Hakuna anayeitwa Tanzania. Ni raia wawili wanaofanya kazi moja. Mimi napenda hivyo kuliko Germania na taji lake.

Tena sisi tulikuwa na mwanamke wa kweli. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam alikuwa mwimbaji kwenye ngoma za akina mama, na kuanzia 1955 aliongoza wanawake wa TANU, akiwaita wajiunge. Hakuwa mfano wa kitu. Alisema, alisifiwa, baadaye akafungwa, akaachiwa 1972. Leo barabara kubwa mjini Dar ina jina lake. Niliwahi kuipita mara ngapi sijui, nikiwa msichana, bila kuuliza ni nani.

Nasema haya kwa sababu hata katika vikao vyetu hapa Sydney tunapenda kusema “mama ni nguzo”. Kisha nguzo zote ziko jikoni zinapakua pilau, na maikrofoni iko kwa akina baba. Wasichana wetu wanaona.

KAZI YA NYUMBANI. Wadogo: choreni nchi yenu kama mtu, kisha mweleze kwa Kiswahili ameshika nini na kwa nini. Wakubwa: mkienda mjini na wazazi shukeni Town Hall, mtazame sanamu ya Malkia Victoria aliyekaa nje ya jengo lenye jina lake. Ilikuwa Dublin kwanza. Waireland walipojitawala waliiondoa, ikaishia huku. Andikeni sentensi tano: je, hiyo ni tashihisi au ni mtu?

Leteni penseli zenu za rangi. Za darasani zimekwisha.