KIRAKA KIPYA KWENYE NGUO KUUKUU
Somo kwa vikundi vinavyotunza hesabu kwa kompyuta



Siku hizi kikundi cha kijijini kinaweza kupata kompyuta ya kuwekea hesabu za akiba na mikopo. Mara nyingi huwa imekwisha kutumika mahali pengine. Je, mashine ya zamani inafaa kukabidhiwa daftari la kikundi? Tunasema hivi: uzee peke yake si ugonjwa. La kuuliza ni kama bado kuna mtu anayeishonea viraka.

1. Kiini ni nini?
Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha, na katikati yake kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachoongea na diski na printa, na ndicho kinachoamua nani asome faili na nani aandike. Ni kama mwenye funguo za stoo. Yeye akiwa na kasoro, kufuli za nje hazisaidii kitu.

Kiini kimoja kinachojulikana sana ni Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991. Watu wa nchi nyingi hukijenga pamoja, kama harambee, na toleo jipya hutoka kila baada ya miezi miwili hivi.

2. Kwa nini tusihamie toleo jipya tu?
Kwa sababu toleo jipya hubadilisha mambo mengi kwa mara moja. Pengine printa inakataa, au programu ya hesabu haifunguki, au mashine yenyewe haina nguvu ya kulibeba. Kwa hiyo matoleo fulani ya zamani hutunzwa kwa miaka. Linux 4.4, kwa mfano, ilitoka Januari 2016 na ikashonewa viraka hadi Februari 2022.

3. Kiraka hushonwaje?
Mafundi hutengeneza kasoro kwanza katika toleo jipya, ndipo dawa ile ile hurudishwa nyuma kwa matoleo ya zamani. Baadhi ya kanuni zao ni hizi: kiraka kiwe kimekubaliwa kwanza katika toleo jipya, kiwe kifupi, kisizidi mistari 100, na kiponye kasoro ya kweli, si kuongeza mapambo. Kila mshonaji anajua kwamba kiraka kisipopimwa huirarua nguo kuukuu. Ndiyo maana hukatwa upya kikae sawa, halafu kikajaribiwa.

4. Mfano wa mwaka wa 2016
Tuseme mwanachama anaruhusiwa kusoma daftari la mweka hazina, lakini si kuandika. Halafu anagundua ujanja wa kuandika humo. Kasoro ya namna hiyo ilikaa ndani ya Linux tangu 2007. Watu waliipa jina la Dirty COW. Dawa ilipopatikana, tarehe 20 Oktoba 2016 zilitolewa 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26, zote zikiwa na kiraka hicho. Aliyekuwa na toleo la zamani linalotunzwa hakulazimika kuhamia jipya. Lakini aliyepuuza kiraka alibaki na mlango wazi.

5. Hapa kwetu
Jambo hili si geni. Kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta mwaka wa 2001. Februari 2006 programu ya OpenMRS ilianza kutumika Eldoret, katika kazi ya AMPATH. Watunzaji wa OpenMRS nao hutoa marekebisho madogo kwa matoleo ya nyuma, maana kliniki haiwezi kufungwa kila toleo jipya linapotoka.

6. Kikundi kifanye nini?
(a) Katibu aandike jina na namba ya toleo la programu kuu.
(b) Mwulizeni fundi: toleo hili litapata viraka hadi lini? Ubuntu ya muda mrefu hupata viraka vya bure miaka mitano. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.
(c) Namba isiwadanganye. Kiini chaweza kuwa na namba ya zamani na bado kina viraka vya juzi.
(d) Wekeni siku moja kila mwezi ya kupokea viraka. Kwanza nakilini hesabu kwenye flashi na daftari la karatasi.
(e) Msiseme, "Sisi hatuna intaneti, tuko salama." Flashi nayo huleta maradhi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu unalinda akiba ya mama mboga na ada ya watoto.

Maswali ya kujadili
1. Kompyuta yetu inatumia toleo gani, na nani analitunza?
2. Mashine ikiharibika leo, hesabu zetu ziko wapi pengine?
3. Ni nani kati yetu atakayepewa kazi ya viraka, na nani atamkagua?