Dondoo muhimu: Kabla hujapanda ngazi

• Tikisa kila kipandio. Ngazi ya mirunda yenye msumari uliolegea au mti ulioliwa na mchwa haifai.

• Ikiegemea ukuta kwa kimo cha mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Usiiongezee urefu kwa matofali.

• Ukipanda paani, ncha ivuke ukingo wa bati kwa mita 1.

• Panda na ushuke ukiitazama ngazi. Nyundo na misumari viwe kwenye mkoba wa kiunoni, mikono ibaki huru kushika.

• Ngazi ya alumini isikaribie nyaya za umeme.

• Aliyeanguka akilalamikia shingo au mgongo, msimwinue wala kumkalisha. Alale alivyo, waiteni wahudumu wa afya.