Somo la Kiingereza: Visaidizi na Vihusishi Vifuatanavyo

Katika somo hili twataka kueleza jambo moja la Kiingereza linalowasumbua wanafunzi wengi wa Igogwe na wa Rungwe nzima. Nao si wale wasiojua maneno, bali ni wale wayajuao maneno wakakosea kuyapanga. Kijana aliyemaliza shule ya msingi ya serikali, ambako tangu mwaka 1967 masomo yamefundishwa kwa Kiswahili, huingia shule ya sekondari akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Yeye ana Kinyakyusa cha nyumbani na Kiswahili cha shule, na lugha hizo mbili ni ndugu. Kiingereza si ndugu yao. Basi atakapo kusema "Naweza kwenda Tukuyu," huandika "I can to go Tukuyu." Itazameni vizuri sentensi hiyo. Neno "to" limo mahali lisipotakiwa, na mahali linapotakiwa halimo.

Kosa hilo halitoki katika uvivu. Mwanafunzi alifundishwa ya kuwa "ku" iliyo mbele ya kitenzi ni "to": kusoma ni "to read", kwenda ni "to go". Kwa hiyo akiona "naweza kwenda" hutia "to" bila kusita. Tena Kiswahili hakitii neno lolote kati ya kwenda na Tukuyu, kwa maana kitenzi chenyewe chatosha kuonyesha mwendo. Twasema naenda Tukuyu, natoka Tukuyu, nakaa Tukuyu, na jina la mji halibadiliki hata kidogo. Mwingereza hawezi kuliacha jina peke yake hivyo. Kwake ni "go to Tukuyu", "come from Tukuyu", "stay in Tukuyu". Maneno hayo madogo, "to", "from", "in" na wenzao, ndiyo yaitwayo vihusishi.

Sasa kanuni yenyewe. Vitenzi visaidizi vya Kiingereza ambavyo twavisema hapa ni tisa: "can", "could", "may", "might", "shall", "should", "will", "would" na "must". Kila kimoja hufuatwa na kitenzi kitupu pasipo "to". Lakini kisaidizi hakina amri juu ya kihusishi kinachokuja nyuma ya kitenzi hicho. Ikiwa kitenzi kilitaka kihusishi kabla ya kisaidizi kuingia, chakitaka vile vile baada yake: "I go to Tukuyu", "I can go to Tukuyu", "I must go to Tukuyu". Na wenye kuandika "ought to", "have to" na "be able to" hawakosei, kwa kuwa hayo hayamo katika wale tisa. Kadhalika "home", "here" na "there" hayapendi "to" mbele yake. Twaandika "I must go home", hatuandiki "I must go to home".

Huenda msomaji akastaajabu kuona visaidizi hivyo havifanani na vitenzi vingine. Asili yake ni vitenzi vya zamani vilivyokuwa na maana kamili. "Can" maana yake ya kale ilikuwa kujua, nasi hata leo twasema "mtoto huyu ajua kuogelea" tukiwa na maana ya kwamba aweza. "Will" ilikuwa kutaka. Na Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo: "ta" ya "atakuja" yatokana na kitenzi taka, na alama yake imebaki katika "atakayekuja". Jambo hilo latupendeza sana, maana lugha mbili zisizo na udugu zimechukua haja ya moyo zikaifanya wakati ujao.

Turudi kwenye vihusishi, maana hapo ndipo penye kazi. Kiswahili hakikosi vihusishi. Mara nyingi hukificha kihusishi ndani ya kitenzi. Mwambie mtu "lipa mganga", kisha mwambie "lipia dawa". Ile "i" iliyoongezeka ndiyo "for" ya Kiingereza: "You must pay the doctor", lakini "You must pay for the medicine." Kuandika ni "write", kumwandikia mtu ni "write to". Kuhama ni "move", kuhamia Mbeya ni "move to Mbeya". Kinyakyusa nacho kina kiishio cha namna hiyo, basi Mnyakyusa aliyezoea kusikia maana hiyo mwishoni mwa kitenzi hana budi kuitafuta nje, nyuma ya kitenzi cha Kiingereza. Hata ile tabia ya Waingereza ya kukiacha kihusishi mwisho wa sentensi, ambayo wengi huiona kama maneno yaliyokatika, ni nyepesi kwetu tukikumbuka kijiko cha kulia na kisu cha kukatia: "a spoon to eat with", "a knife to cut with". Kwa hiyo "Who must I wait for?" maana yake ni "Nimngojee nani?" na ile "for" ya mwisho haiachwi.

Lakini si kila kitenzi hufunuka hivyo. Ngoja na sikiliza havionyeshi kihusishi chochote, hali Kiingereza chasema "wait for" na "listen to". Kwa upande wa pili, "enter", "reach", "discuss" na "marry" havitaki kitu nyuma yake. "You should reach Igogwe before noon" ni sawa. "You should reach at Igogwe" ni kosa, ingawa "arrive at Igogwe" ni sawa kabisa. Hapa hatuna kanuni ya kuwapa. Kila mtu na aandike kitenzi pamoja na kihusishi chake katika daftari, kama vile mtu aandikavyo jina la ng'ombe pamoja na rangi yake.

Kuna mahali pengine kosa la kihusishi huleta hasara. Mtu akisema "hadi Ijumaa" kwa Kiswahili, maana mbili zaweza kuingia: kazi idumu mpaka siku hiyo, au jambo liwe limekwisha ifikapo siku hiyo. Kiingereza huzitenga. "You must stay until Friday" ni kwamba usiondoke kabla ya Ijumaa. "You must pay by Friday" ni kwamba Ijumaa isipite hujalipa. Mzazi asomaye barua ya ada akadhani "by" ni "until" aweza kuanza kulipa siku iliyokusudiwa awe amemaliza.

Zaidi ya hayo ni karatasi za dawa. Mgonjwa atokaye hospitali ya Igogwe aweza kupewa kisanduku chenye karatasi ya Kiingereza, naye humpa mwanawe wa sekondari aisome. Hapo kisaidizi na kihusishi husimama pamoja, na vyote viwili vyapasa kusomwa. "Must not" si "si lazima". "Must not be taken with alcohol" ni katazo: usinywe dawa hii pamoja na pombe. "Need not be taken with food" ndiyo "si lazima": waweza kuinywa na chakula au bila chakula. Kijana akigeuza la kwanza kuwa la pili, baba yake atakunywa pombe kwa moyo mweupe. "May" nayo ina sura mbili: "You may take it with water" ni ruhusa, bali "You may feel dizzy" si ruhusa, ni onyo ya kuwa huenda ukasikia kizunguzungu. Na kihusishi kisidharauliwe. Tetrasaiklini ni dawa inayopungua nguvu ikichanganyika na maziwa, na maziwa Rungwe ni mengi; basi karatasi isemapo "should not be taken with milk", mtu asomaye "without" mahali pa "with" ameigeuza amri yote.

Wenye kutaka mazoezi na wafasiri sentensi tatu kabla ya kutazama majibu: Lazima nimngojee daktari. Si lazima ulipie dawa hii leo. Wapaswa kurudi hospitali ifikapo Jumatatu.

Majibu: "I must wait for the doctor." "You need not pay for this medicine today." "You should come back to the hospital by Monday."