Mkuyuni hadi Kariakoo: ndege ya saa moja na nusu, safari ya saa 6

Ndege ya Mwanza hadi Dar es Salaam huchukua kama saa 1 na nusu. Ni kweli, ila hiyo ni hesabu ya rubani. Abiria wa Mkuyuni, hapa Mwanza, ana yake.

Tuanze angani. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi ule wa Julius Nyerere ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na Paris hadi Berlin. Basi haliwezi kunyooka hivyo. Hupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, likamaliza zaidi ya kilomita 1,100.

Muda wa ndege unaweza kuukadiria mwenyewe: gawa umbali kwa kasi, kisha ongeza nusu saa ya kujikokota uwanjani, kupanda na kushuka. Jeti kama Airbus A220 ya Air Tanzania hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Pangaboi kama ATR ya Precision Air huenda kama 500, hivyo safari hiyohiyo hupita saa 2. Kwa Bukoba, ambako ni kama kilomita 175 tu kutoka Mwanza juu ya ziwa, usihangaike kuuliza aina ya ndege: sehemu kubwa ya muda huishia kupanda na kushuka. La kuuliza kabla ya kulipa ni kama ndege inatua mahali njiani.

Sasa rudi chini. Stendi ya Nyegezi ni jirani yetu, lakini uwanja wa ndege uko Ilemela, upande wa pili wa jiji. Mtu wa Mkuyuni hupita Igogo, akavuka katikati ya mji, akashika Kirumba na Pasiansi. Asubuhi ya siku ya kazi mimi hujiwekea saa nzima, na mvua ikinyesha naongeza. Kuwahi uwanjani saa 2 kabla ya ndege kuondoka si woga. Foleni ya ukaguzi haijui kwamba daladala yako ilisimama kila kituo. Jumlisha: saa 1 ya barabarani, 2 za uwanjani, 1 na nusu ya angani, na nyingine kama hiyo ya kusubiri mzigo na kupambana na foleni hadi Kariakoo. Ni saa 6. Bado unalishinda basi kwa mbali, ila usimwahidi mtu kikao cha saa 4 asubuhi kwa ndege ya saa 2.

Na hiyo saa 2 kwenye tiketi imeandikwa 08:00. Hapa ndipo wengi huumia. Tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza. Toa 6: 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Anayeisoma 08:00 kama saa 8 mchana atakuta ndege imeondoka saa 6 zilizopita.

Jambo dogo kwa wanaosafiri jioni: saa za Mwanza na Dar ni zilezile, lakini jua hutangulia kuzama Dar kwa karibu dakika 25. Ukiondoka ziwa likiwa bado linameremeta, mwambie anayekupokea kwamba utatua gizani.