Somo la Kwanza: Kabla ya Kuiacha Lami

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hukusaidia kupita kwenye tope na mchanga. Halifupishi umbali wa kusimama unapofunga breki, wala haliwezi kushindana na mafuriko.

Ikiwa dereva ndiye anayeunganisha magurudumu ya mbele, yaunganishe kabla ya kuingia kwenye utelezi, na uyatenganishe ufikapo kwenye lami kavu, ili usiharibu gia. Kwenye mchanga mlaini, punguza upepo wa matairi; ujaze tena kabla ya kuongeza mwendo.

Korongo likifurika, usivuke. Maji yenye kina cha sentimita 60 yaendayo kasi yaweza kusomba hata gari kubwa. Subiri yapungue, au urudi ulikotoka.